Nimwambieje mwenzangu kuwa natumia dawa?

Mtu wa Kibirizi:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 31, nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Ni mwanaume ninayependa wanaume. Anayetaka kutukana naomba apite tu.

Machi mwaka jana nilipima, nikakutwa na VVU, nikaanzishiwa dawa. Kidonge kimoja kila saa tatu usiku, sijaruka. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Mwenzangu anafanya kazi ya chumvi Uvinza, huja kila mwisho wa mwezi, na hajui. Ndani ya chupa nimeshindilia pamba ili vidonge visilie nikibeba begi.

Kinachonitesa ni kwamba sisi kwa sisi hatuyasemi haya. Ukitoa kondomu unaulizwa, "Kwani unaniona mgonjwa?" Mimi mwenyewe nilikua nikijua Ukimwi ni wa mume na mke, maana kila bango nililoliona lilichora mume na mke. Hakuna aliyeniambia kwamba njia yetu ndiyo virusi hupita kirahisi zaidi. Nimwambieje asinikimbie?

Isevya46:
Mdogo wangu, mimi niko Tabora. Wangu nilimwambia usiku, taa imezimwa. Nilikosea. Alivaa gizani akaondoka, hata uso wake sikuuona. Wewe mwambie mchana, mmekaa, mmeshakula. Na usiandike kwenye simu. Ujumbe hubaki, simu huibwa, na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachotufunga watu kama sisi, unakijua kinavyosema.

Dada wa CTC (kliniki ya VVU):
Kaka, hongera kwa kushika dozi. Mweleze hivi: virusi vikiwa havionekani, humwambukizi kwa ngono. Ulaya walifuatilia wanaume wapenzi karibu jozi 800, mmoja ana VVU na anatumia dawa, mwingine hana. Majibu yalitoka 2019. Walikutana bila kondomu zaidi ya mara 76,000, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Kondomu bado ina kazi yake, kaswende na kisonono havizuiwi na ARV. Ila msipake mafuta ya mgando, yanapasua mpira. Tafuteni kilainishi cha maji.

Naye apime. Akiwa hana, aulizie PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe. Ukimuuliza mhudumu dawa, si lazima umweleze unalala na nani.

Mtu wa Kibirizi:
Shikamoo kaka wa Isevya. Dada, hizo 76,000 nimezisoma mara tatu, nikatoka nje kidogo nikapunge upepo. Anakuja Jumamosi.

Mtu wa Kibirizi:
Nimerudi. Tulikula ugali na mgebuka, nikamletea chupa mezani, nikaitoa ile pamba mbele yake. Alikaa kimya muda mrefu. Akaitikisa chupa, akasikiliza. Akaniuliza, "Tangu lini unaibeba hii peke yako?" Nikalia, sikuweza kujibu.

Jumatatu hakuwahi gari la Uvinza. Tulikwenda kupima.

Isevya46:
Na majibu?

Mtu wa Kibirizi:
Hayo ni yake, kaka. Yuko hapa, anaoka mihogo.