Naomba ushauri: mbegu ya muhogo NASE 14 au NAROCASS 1 kwa shamba la Tororo, Uganda?

Mkulima_Tororo: Wakuu, habari za jioni. Nina ekari mbili, nataka kupanda muhogo mvua hizi za Machi. Michirizi ya kahawia, ule ugonjwa wa virusi unaoozesha mizizi ya muhogo, imetumaliza huku. Nasikia mbegu za kituo cha utafiti cha Namulonge zinastahimili: NASE 14 iliyotolewa 2011 na NAROCASS 1 ya 2015. Nichukue ipi? Nijibuni haraka, hata usingizi sipati.

Mama_Apio: Muhogo wa nini baba? Panda maharage ya NAROBEAN, yenye madini ya chuma na zinki kwa wingi. Ndani ya miezi mitatu umevuna. Ada ya shule haisubiri muhogo ukae mwaka mzima ardhini.

Afande_Mstaafu: Vijana hamjui tulikotoka. Kwetu Teso kila boma lilikuwa na Ebwanateraka, muhogo mtamu sana. Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, ya miaka ya tisini ikaufagia wote, njaa ikaingia. Zilizotuokoa ni mbegu kama NASE 3, ile tuliyoiita Migyera. Kisha ikaja hii michirizi, na hizo nazo zikaugua, maana zilichaguliwa kwa ajili ya batobato tu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikataa kabisa kung'oa shina lake la mwisho la Ebwanateraka.

BwanaShamba_Busia: Pole afande. Mkulima, kabla ya jina la mbegu, vipando unavitoa wapi?

Mkulima_Tororo: Kuna mtu anavyo.

BwanaShamba_Busia: Mtu gani? Mihogo yake umeiona ikikatwa?

Mkulima_Tororo: Sawa, niseme. Ni shemeji yangu. Nimeshamlipa, magunia yako chini ya mwembe. Anasema ni NAROCASS 1. Ndiyo, baadhi ya mihogo yake ilikuwa na madoa ya kahawia ndani, lakini majani yalikuwa ya kijani safi! Ukikata penye ubovu panapobaki panalika. Na ndiye aliyenishika mkono wakati wa mahari, nitamrudishiaje?

BwanaShamba_Busia: Hapo ndipo penye shida. Ugonjwa huu unaweza kujificha: shina linapendeza, kumbe mzizi umekauka na kuoza ndani. Nzi weupe huueneza shamba kwa shamba, lakini anayeusafirisha mbali ni mkulima mwenyewe, kwa vipando. Na kustahimili maana yake mmea unaugua na bado unakupa mavuno, haina maana virusi havimo. Ukirudia kupanda vijiti vilevile kila msimu, unaurudishia ugonjwa njia, hata mbegu iwe bora namna gani.

Mtoto_wa_Tanga: Huu ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza kwetu, chini ya milima ya Usambara, mwaka 1936. Watafiti wa kituo cha Amani, huko huko Usambara, walichanganya muhogo na mpira wa Ceara, jamaa yake wa porini, ili wapate ukinzani, halafu wakaurudisha kwenye muhogo kizazi baada ya kizazi, maana ule mti wenyewe hauliki. Babu yangu alifanya kazi za bustani pale, alikuwa akitusimulia hadi tunasinzia.

Mla_Kalo: Wakuu, hii ni chai. Mtu ana wasiwasi mpaka halali, lakini majina ya mbegu na miaka yake anayajua kwa kichwa? Kesho atakuja na bei ya gunia. Ni tangazo hili.

Mkulima_Tororo: Ndugu, kumbe kujua mbegu ni dhambi? Niliyasoma kwenye karatasi tuliyogawiwa kijijini. Sina cha kuuza, pesa yangu imeshaondoka.

Afande_Mstaafu: Mwacheni. Anayeuza mbegu hawezi kutangaza madoa.

BwanaShamba_Busia: Nusu ya shamba la shemeji bado imesimama? Ng'oa mashina kadhaa, kata mizizi vipande vipande toka juu hadi chini. Ukiona doa, usipande yale magunia. Tafuta vipando vichache kwa mzalishaji aliyekaguliwa, uvipande mbali na kwa shemeji, vizae kwanza. Ng'oa mapema kila kinachoonyesha dalili. Msimu huu ardhi iliyobaki weka kitu kingine.

Mama_Apio: Maharage! Nilisema toka mwanzo.

Mkulima_Tororo: Nitaweka maharage ekari moja na nusu. Ile nusu ekari bado naiwazia vya shemeji, vile vilivyonyooka.

BwanaShamba_Busia: Kata mizizi kwanza, halafu tuletee picha.