Nauza viazi karai Kisauni, Mombasa, na mavyaa wangu ana sukari: niendelee au nifunge?

Mama Viazi, Mei 2020
Wapendwa, naombeni ushauri. Nauza viazi karai na bajia karibu na steji. Wateja wangu ni watu wanaotoka kazini. Tangu kafyu ya korona ianze 27 Machi, saa moja usiku lazima kila mtu awe ndani, basi wote wananijia kwa pamoja, wamebanana mezani, kila mmoja ana haraka ya matatu. Mavyaa tunalala naye chumba kimoja, ana sukari na presha. Baba watoto alisimamishwa kazi hotelini. Kodi ya nyumba sijalipa. Nikifunga watoto watalala njaa, nikitoka naogopa kumletea bibi maradhi.

Kaka Changamwe
Funga, dada. Pesa hutafutwa, mzazi hapatikani tena.

Bi Mtongwe
Kaka, afunge ale nini? Nafuu ya kodi ya serikali kwa wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi ni ya wenye mishahara, mwenye karai haimfikii. Mwanangu, ondoka stejini. Ramadhani hii watu wanataka futari kabla ya magharibi. Chukua oda kwa simu asubuhi, kaanga alasiri, funga kwenye mifuko ya karatasi, kijana apeleke. Wakulipe kwa M-Pesa, siku hizi za korona kutuma hadi shilingi 1,000 hakukatwi ada. Mwenye nyumba mpelekee chochote ulicho nacho, usimkimbie.

Mhudumu wa Afya Mtaani
Bibi alale karibu na dirisha, liwe wazi. Kijana wa oda asiingie ndani. Barakoa vaa hata ukizungumza na bibi, na ukirudi kutoka nje, nawa kwa sabuni kabla hujamshika. Dawa zake za sukari asikose hata siku moja. Wengi wameogopa kliniki na sukari inawapanda. Ukiona mafuta yanaungua na husikii harufu, au una homa na kikohozi, acha kupika, piga 719, simu ya korona. Usifiche kwa kuhofia gharama, karantini za serikali hazilipishwi tena.

Mama Viazi
Asanteni sana. Mpwa wangu ana baiskeli, naanza na majirani. Je, ndugu wakija wenyewe kuchukua?

Bi Mtongwe
Meza iwe nje, na ndugu wasimame hapo hapo. Hao ndio watataka kuingia kumwamkia bibi, na wakikaa hawaondoki.