Naomba ushauri: kupunguza nitrojeni kwenye sencha (chai ya kijani ya Kijapani) bila kuua ladha

Wakuu, habari zenu. Swali linahusu shamba la sencha, aina ya mchai iitwayo Yabukita, mkoani Shizuoka, Japani. Nitrojeni inayowekwa ni kilo 500 kwa hekta kwa mwaka. Lengo ni kushuka hadi 300.

Ugumu uko hapa. Mizizi ya mchai hutumia amonia kutengeneza theanini, aina ya amino asidi, ambayo ndiyo huleta ule utamu mzito kama wa mchuzi wa samaki. Jani likipigwa na jua, theanini hupungua, katekini (kemikali zinazoleta ukakasi) huongezeka na ukakasi hupanda. Ukibana mbolea ovyo, mavuno ya kwanza yanatoka mepesi na makali. Ukizidisha nako, pH (kipimo cha uchachu) ya udongo inashuka chini ya 4, vijizizi vyeupe vinageuka kahawia na kufa, halafu naitreti, yaani nitrojeni inayoyeyuka kwenye maji, inazama hadi kwenye maji ya visima. Hilo la maji si la kupuuza hata kidogo.

Mbolea iliyopangwa ni mashudu ya rapa (mmea wa mbegu za mafuta), yenye nitrojeni kama 5%, yaani tani 1 inatoa kilo 50 tu, na tena huoza polepole udongo ukiwa baridi.

Je, mashudu ya Februari yatawahi mavuno ya mwisho wa Aprili, au sehemu kubwa iwekwe Septemba, kisha Machi iongezwe kidogo mbolea ya salfeti ya amonia, ambayo hufanya kazi haraka? Na kivuli cha siku 10 kabla ya kuchuma kitafidia pengo la theanini kwa kiasi gani?

Majaribio yataonjwa hivi: gramu 5 za chai, maji mililita 200 ya nyuzi 70, dakika moja na nusu.