Naombeni ushauri: nyuzi za kinetokori zinabomoka zote kwenye barafu

Wakuu, habari za kazi. Maabara ipo Dar, seli ni HeLa (za binadamu), tunapima jinsi changamano la protini la Ndc80, yaani Hec1, Nuf2, Spc24 na Spc25, linavyofunga kromosomu kwenye mikrotubuli (nyuzi za tubulini zinazosogeza kromosomu seli ikigawanyika) pale kwenye kinetokori, yaani muundo wa protini juu ya kromosomu.

Utaratibu: MG132 (kizuizi cha proteasomu) mikromola 10 kwa saa 1 ili seli zirundikane metafezi, hatua ambapo kromosomu zimejipanga katikati, sahani juu ya barafu dakika 10, formaldehaidi asilimia 4 ya kufiksia (kugandisha seli zilivyo), kisha kingamwili za tubulini, Hec1 na CENP-C (protini nyingine ya kinetokori). Baridi ilitakiwa iondoe mikrotubuli huru na kuacha zilizoshikwa na kinetokori. Kwetu hata seli za kulinganishia, ambazo Hec1 haijaguswa, hazibaki na nyuzi yoyote, ingawa CENP-C inawaka vizuri na kromosomu zimejipanga katikati. Mshiko ulikuwepo basi. Sioni haja ya kuilaumu Ndc80.

Nashuku bafa kwanza. Tunafiksia kwenye PBS (bafa ya fosfeti), na kalsiamu ikiwemo hubomoa mikrotubuli. Nafikiria PHEM, bafa inayotunza mikrotubuli, yenye EGTA (hunasa kalsiamu) milimola 10, pH 6.9. Halafu formaldehaidi ikiwa ya baridi hufanya kazi polepole, nyuzi zinaisha kabla hazijafungwa. Glutaraldehaidi asilimia 0.2 ingeziwahi, ila inaweza kumficha Hec1 asionwe na kingamwili, tena inang'aa yenyewe.

Mliofanya hii, nibadili kipi kwanza? Fiksa iwe ya nyuzijoto 37 moja kwa moja baada ya barafu? Na kwa joto letu hili, umeme ukikatika kiyoyozi kinazima, mnatumia barafu tupu au iliyochanganywa na maji?