MAFUNDI WA DODOMA, ACHENI KUNG'OA VALI ZA BAIPASI KWENYE SUBARU ZA WATU!

Wakuu, nimevumilia nimechoka, acha leo niseme. Nilipeleka Subaru Forester ya turbo, toleo la SG5, kwenye gereji moja hapa mjini, kazi ni kubadilisha mkanda wa taimingi, basi. Jioni nachukua gari, nakanyaga mafuta barabara ya Nzuguni, naachia, nasikia "pshhhh!" kama basi linaloachia breki za upepo. Narudi kwa fundi, ananijibu bila hata kupepesa: "Bosi, vali yako ilikuwa imechoka, nimekufungia blo-ofu. Sasa hivi gari lina nguvu." Vali yangu orijino iko wapi? Eti imetupwa!

Blo-ofu ni vali inayotema hewa ya turbo nje, na hiyo habari ya nguvu ni uongo mtupu. Turbo inasukuma hewa kwenda kwenye injini. Ukiachia mafuta ghafla, throto (mlango wa hewa wa injini) inafunga, na hewa iliyojaa presha kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo) na mipira yake inakosa pa kwenda. Inarudi kinyumenyume kuigonga feni ya turbo, ambayo kwenye presha kubwa huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ndiyo ile "tu-tu-tu-tu" mnayoisikia. Vali ya baipasi ipo kwa ajili ya kuitolea hewa hiyo njia. Ina kimpira chembamba kinachotoka kwenye manifoldi (paipu zinazogawa hewa kwenye silinda): throto ikifunga, manifoldi inanyonya, vali inavutwa inafunguka, ukikanyaga tena presha inarudi, springi inaifunga. Nguvu inaongezekea wapi hapo? Hata westigeti, inayoamua turbo ijaze presha kiasi gani, ni kitu kingine kabisa na inakaa upande wa moshi.

Sasa sikilizeni ninyi mnaopenda sauti. Vali ya baipasi aliyoifunga Subaru hairushi hewa nje, inairudisha kwenye paipu kabla ya turbo. Kuna sababu. SG5 ina sensa ya hewa pale baada ya filta. Hewa ikishapita hapo, kompyuta ya gari imeshaihesabu na itamwaga petroli ya kuitosha. Wewe umeitoa nje, petroli imebaki bila hewa yake. Unaachia mafuta, moshi mweusi unatoka nyuma, gari linashtuka, ukifika kwenye mataa linataka kuzima. Plagi nikizifungua ni masizi matupu. Ukiendelea hivyo unaiua katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi). Zipo gari kama zenye injini ya 1JZ-GTE za Toyota, ambazo kompyuta yake inasoma presha ya manifoldi, hizo kumwaga hewa nje haziumii sana. Fundi kaona kwenye Toyota Chaser ya mtu yenye injini hiyo, kaja kubandika kwenye Forester yangu bila kuuliza!

Na vumbi je? Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana tunaishi Dodoma na kiangazi chake tunakijua, upepo unavuma kutwa nzima. Gari likiwa silensa, yaani limewaka bila kukanyagwa mafuta, manifoldi inanyonya kwa nguvu, na blo-ofu yenye springi laini inabaki wazi kidogo. Hewa ya nje inaingilia tundu hilo hilo, haijapita filta, haijapita sensa. Vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Mtu ananunua filta mpya kila sevisi halafu kuna tundu wazi mbele yake!

Nikafungua boneti. Ule mpira wa kurudisha hewa umezibwa kwa kipande cha mti, kimechongwa kwa kisu, kimebanwa na klampu, gome bado linaonekana upande mmoja. MTI, wakuu! Mpira huo unaingia kwenye paipu ya mbele ya turbo. Kikichomoka kwa ndani, kinanyonywa na feni, na hapo hakuna turbo tena.

Taa ya injini ilipowaka mafundi wakaanza kunizungusha. Mara ninunue plagi, mara sensa ya hewa imekufa, mara pampu ya petroli. Hakuna hata mmoja aliyesema turudishe vali iliyotoka na gari. Jirani yangu mwenye Hilux ya dizeli naye wamemuuzia blo-ofu, wakaunga swichi kwenye pedali ili ilie. Dizeli nyingi hazina throto inayofunga hewa ukiachia mafuta, sasa unatibu ugonjwa gani?

Na kama kweli vali ilikuwa imechoka, kuipima ni kazi ndogo sana. Fungua bolti mbili, nyonya hewa kwenye kipua cha juu, ziba kwa kidole. Ikishikilia, diaframu (kiwambo cha ndani ya vali) ni nzima. Ikiachia, imepasuka, mwite mwenye gari umwonyeshe kwa macho yake. Mimi sikuonyeshwa chochote.

Nataka vali yangu au hela yake, na fundi ameshaambiwa hivyo. Wakati nasubiri, mwenye orijino ya SG5, ile inayokaa juu ya intakula, aje PM. Awe Dodoma, Singida au hata Morogoro, nitaifuata mwenyewe, ila naipima kwanza mbele yake ndipo nilipe. Feki msinitumie.