Mfereji wa Hezekia: walichimba pande mbili wakakutanaje katikati ya mwamba?

Mama Darasa

Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwa wote mnaopita humu. Naongoza darasa la vijana kanisani, na tumefika 2 Wafalme 20:20, pale inaposemwa mfalme Hezekia wa Yuda alitengeneza birika na mfereji akaleta maji mjini Yerusalemu. Kijana mmoja anayesoma chuo cha ufundi kaniuliza mawili. Kwanza, amesikia kwamba kikosi kimoja kilichimba kutoka kwenye chemchemi na kingine kutoka upande wa birika. Bila dira wala mashine, walikutanaje? Pili, nje ya Biblia kuna ushahidi gani kwamba jambo hili lilifanyika? Sitaki kumjibu kwa "tuamini tu" wakati ameuliza kwa nia njema. Mwenye kujua naomba anisaidie.

Mzee Timazi

Mama, heshima yako, na mpe kijana pongezi zangu. Mimi nimefanya kazi ya mgodi Mererani tangu ujana hadi kifua kilipokataa, na nimeusoma mfereji huu kwa miaka mingi kwa sababu habari yake ni habari ya kazi yetu. Nianze na swali la pili, maana ndilo linalofungua la kwanza.

Ushahidi upo, tena uko ukutani mwa mfereji wenyewe, au niseme ulikuwapo. Mwaka 1880 kijana mmoja, mwanafunzi wa Conrad Schick, Mjerumani mjenzi aliyeishi Yerusalemu, alikuwa akicheza kwenye maji mdomo wa kusini, upande wa birika la Siloamu. Kama mita 6 ndani akaona herufi zimechongwa kwenye mwamba. Edward Robinson, mtafiti Mmarekani wa nchi za Biblia, na mwenzake Eli Smith walikuwa wamepita humo humo mwaka 1838, sehemu nyingine wakitambaa kwa tumbo, na hawakuziona. Ni mistari 6 ya Kiebrania cha kale. Miaka kama kumi baadaye watu wakayabandua maandishi yale ukutani yakavunjika vipande. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Waturuki, vikakusanywa, na leo yako kwenye makumbusho ya Istanbul.

Yanasema nini? Kwa maneno yangu: hii ndiyo habari ya kutoboza. Wachimbaji walipokuwa wakipiga sururu, kila mmoja kuelekea kwa mwenzake, zikiwa zimebaki dhiraa tatu (dhiraa ni kipimo cha mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole), ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenzake. Siku ya kutobozana walipiga sururu kwa sururu, na maji yakatoka kwenye chemchemi kwenda birikani, dhiraa 1200. Na mwamba juu ya vichwa vya wachimbaji ulikuwa dhiraa 100.

Katika maneno yaliyosalia hakuna jina la mfalme. Jina la Mungu halimo pia. Mfalme akiandikisha jiwe hujitaja yeye kwanza, baba yake wa pili. Huyu aliyeandika hapa ametaja sururu, sauti na vipimo. Kwangu mimi huyo alikuwa chini, au alikaa na waliokuwa chini wakamsimulia siku ile ile. Na sehemu ya juu ya ubao aliouchonga kwenye mwamba imebaki tupu, laini kabisa, imeandaliwa na haikuandikwa kitu. Nimeifikiria sana sehemu ile.

Sasa, kukutana. Sisi wanaapolo, wachimbaji wa Mererani, tunaita mtobozano, na kwetu mara nyingi ni balaa kwa sababu ni wenye vitalu viwili tofauti wanaoingiliana. Lakini jinsi unavyokuja ni ile ile. Kwanza unasikia mlio mdogo usiojua uko wapi. Unazima kompresa, unawanyamazisha vijana, unaweka sikio kwenye mwamba. Mwamba ukiwa mzima sauti inakuja kavu na inaonesha upande. Ukiwa na ufa inakuja imetapakaa, unaweza kuifuata ukapotea mita kadhaa. Baadaye unasikia sauti ya binadamu, na hapo unajua imebaki kidogo sana. Dhiraa tatu ni kama mita moja na theluthi. Aliyetaja kipimo kile hakubuni.

Kuta nazo zinasema. Alama za sururu zinaelekea upande mmoja njia yote kutoka kwenye chemchemi, kisha mahali fulani zinageuka kuelekea upande wa pili. Hapo ndipo palipotobozwa. Na karibu na hapo pande zote mbili zinayumba, kuna vichochoro vifupi walivyoanza wakaviacha. Walikuwa wanasikilizana, wanasahihisha.

Tatizo ni kwamba sauti inasaidia mwishoni tu. Kutoka chemchemi ya Gihoni hadi birikani, ukivuta kamba moja kwa moja ni kama mita 320, lakini mfereji una mita 533 kwa sababu unapinda kama nyoka. Kwa nini? Mwaka 1991 Dan Gill, mtaalamu wa miamba, alisema walifuata nyufa na njia ambazo maji yalikuwa yameshajitobolea kwenye mwamba wa chokaa. Wengine wanasema kulikuwa na watu juu ya kilima wakigonga mwamba kwa nyundo, na walioko chini wakifuata mlio. Hoja yao ni kwamba mfereji unazunguka upande wa bonde la Kidroni, ambako mwamba wa juu ni mwembamba. Mimi nakubaliana zaidi na hawa wa nyundo. Ufa wa maji ungekuwepo njia nzima, hewa ingepita, na wale wasingeshangilia sauti ya mtu kama jambo la kuandikwa jiwe. Lakini pale ufa ulipokuwepo, mchimbaji yeyote mwenye akili angeutumia.

Kitu kinachonishangaza mimi kuliko hata kukutana ni mteremko. Kutoka mwanzo hadi mwisho, sakafu inashuka kama sentimita 30 tu. Mita 533, sentimita 30! Upande wa kusini dari linapanda hadi kama mita 5, na wengi wanaona sababu ni kwamba baada ya kutoboza walirudi kuichimba sakafu ishuke mpaka maji yakubali kutembea. Hiyo ni kazi ya watu wenye subira, wanaofungulia maji, wanatazama yanapotuama, wanachonga tena.

Mdadisi wa Kale

Shikamoo mzee, nimejifunza. Ila hapo pana shimo. Kama maandishi hayamtaji Hezekia, tunajuaje ni wake? Huenda mfereji ni wa karne nyingine kabisa.

Mzee Timazi

Marahaba mwanangu. Hilo ni swali la haki, na limejibiwa maabara. Amos Frumkin, mtaalamu wa miamba, na wenzake walitoa matokeo mwaka 2003. Kwenye lipu ya kwanza iliyopakwa mferejini walikuta vipande vya mimea vimenaswa. Walivipima umri kwa kaboni, vikaangukia miaka ya 800 hadi 700 K.K. Matone ya chokaa yaliyoganda darini, ambayo lazima yawe yameanza baada ya mfereji kuchimbwa, yalitoa umri wa kama 400 K.K. Kwa hiyo mfereji uko kabla ya hapo, na umbo la herufi za maandishi yale linakubaliana na zama hizo. Ronny Reich na Eli Shukron, waliochimba pale miaka mingi, wanausogeza nyuma kidogo kabla ya Hezekia, kwa hoja ya vyungu walivyokuta karibu na chemchemi. Siwapuuzi, ila uzito wa hoja naona bado uko kwa Hezekia.

Tena sababu anayo. Senakeribu mfalme wa Ashuru alikuja mwaka 701 K.K., na kwenye kumbukumbu zake anajisifu kuteka miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni. Hasemi aliuteka mji. Gihoni ilikuwa chini bondeni, chemchemi pekee ya maana, nayo haitoki mfululizo, inabubujika na kutulia. Maji ya namna hiyo yanahitaji birika la kuyapokea. Soma 2 Nyakati 32:2-4, uone alivyoita watu wazibe chemchemi za nje ili Waashuri wasikute maji.

Ila usimwambie mtu kwamba walichimba jeshi likiwa limeshafika langoni. Mwamba ule, sehemu yenye upana wa kama sentimita 60, anaenea mtu mmoja mbele na sururu yake. Kuna wataalamu waliokadiria miaka kama minne, nami naona ni karibu na ukweli.

Mama Darasa

Mzee, Mungu akutunze. Nimemsomea kijana wangu yote kwa simu. Sasa anauliza kama hilo birika la Siloamu linaloonekana leo ndilo la Hezekia, na kama Yoabu alipanda kwenye shimo la maji kuuteka mji kwa ajili ya Daudi. Nimwambieje?

Mzee Timazi

La Yoabu mwambie aende taratibu. Shimo lile la wima aliliona Charles Warren, mhandisi wa jeshi la Uingereza, mwaka 1867, na vizazi viwili vitatu wahubiri walilitumia kueleza 2 Samweli 5. Reich na Shukron walipochimba wakaona ni shimo la asili, na kwamba watu wa zama za Wakanaani walikuwa wakifika kwenye maji kwa njia nyingine, yenye minara ya mawe makubwa kuilinda chemchemi. Asilifundishe kama jambo lililothibitishwa.

Birika nalo lina tabaka. Ngazi za mawe zilizoonekana mwaka 2004, mafundi walipokuwa wakitengeneza bomba la maji taka, ni za karne karibu na Yesu. Sarafu zilizokutwa kwenye lipu zinathibitisha. Hilo ndilo la kipofu wa Yohana 9. Kisha mwaka 2025 wakatangaza kwamba ukuta mkubwa wa kuzuia maji hapo hapo Siloamu umepimwa kwa vijiti na majani yaliyokuwa kwenye chokaa yake, ukaonekana ni wa kama 800 K.K., karne nzima kabla ya Hezekia. Kwa hiyo watu wa mji walikuwa wameshaanza kukinga maji pale chini kabla yake, na wachimbaji wa upande wa kusini huenda walianzia mahali palipokuwa na birika tayari. Kijana akitaka hesabu ya kufanya nyumbani, agawanye mita 533 kwa dhiraa 1200, kisha apime mkono wake kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.