Mrejesho: Misimbo ya maambukizi ya virusi machoni

Habari zenu wakuu. Niliuliza kwa nini macho mekundu yanayoletwa na virusi hayawekwi kwenye H10 (kundi la uvimbe wa utando wa jicho), wakati misimbo ya sura ya macho huanza na H. Asanteni sana mlionijibu. Nimeirudia ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, na sasa imekaa sawa.

Kinachoamua ni chanzo, si kiungo. Virusi vikishatajwa, unahamia sura ya maambukizi, kundi la B30. Adenovirusi ina nafasi mbili pale: B30.0 kama konea (kioo cha mbele cha jicho) imeguswa, B30.1 kama ni utando wa jicho pekee. Koo nalo likiwa limeshambuliwa, B30.2. Ugonjwa wa macho wa mlipuko, ambapo damu inavilia kwenye weupe wa jicho, ni B30.3; huletwa na enterovirusi 70 au koksaki A24. Daktari akiandika "virusi" tu, huna budi kuweka B30.9.

Hepesi ndiyo iliyokuwa inanisumbua hasa. Haimo B30 kabisa! Ni B00.5, na mkanda wa jeshi wa jicho ni B02.3. Toleo la Shirika la Afya Duniani huongeza msimbo wa pili wenye alama ya nyota (*), mfano H19.1 kwa konea. Toleo la Marekani halina nyota, limeigawa B00.5 yenyewe: konea ni B00.52. Kwa hiyo hakikisheni kwanza mnatumia toleo lipi.

Madaktari, tafadhali andikeni kama konea imeguswa. Hepesi ya konea huweza kuacha kovu na kupunguza uoni, na faili likisomeka B30.9, mgonjwa huyo haonekani kwenye takwimu.